Rupia ya Mjerumani "yenye kosa": ni kosa la kiwandani au imeumizwa tu mtaani?

Ukikaa kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook ya watu wanaouza vitu vya kale utakutana na hii picha tena na tena, rupia ya fedha ya enzi za Mjerumani imewekwa kwenye kiganja, tochi ya simu imewashwa juu yake mpaka huoni kitu, na chini pameandikwa "ina kosa, herufi zimejirudia, ofa zianzie milioni kumi". Komenti zinafuata hapo, mmoja anasema hiyo ni bilioni kabisa usikubali kuibiwa, mwingine anasema feki hiyo, wa tatu anauliza kama ni ile inayosemwa ina zebaki nyekundu, na hakuna hata mmoja anayeuliza ina gramu ngapi.

Kinachochanganya watu ni kwamba maswali matatu tofauti yanaulizwa yote kwa mpigo kama swali moja. La kwanza, sarafu yenyewe ni halali au feki. La pili, kama ni halali, hicho kitu cha ajabu kilichopo juu yake kilitokea kiwandani wakati inatengenezwa au kilitokea baadaye mikononi mwa watu. La tatu, sarafu imechakaa kiasi gani, na hiki ndo wanachokiita gredi. Bei inakuja mwisho kabisa, na ukiruka swali moja hapo katikati basi kila unachosema kuhusu bei ni porojo tu.

Tujue kwanza tunaongelea kitu gani. Hii rupia ilitumika kwenye koloni la Deutsch-Ostafrika, yaani Tanganyika pamoja na Rwanda na Burundi za wakati ule. Za mwanzo, kuanzia 1890, zilitolewa na ile kampuni ya Kijerumani ya DOAG, upande mmoja yupo Kaiser Wilhelm wa Pili kavaa kofia ya chuma yenye tai juu, upande wa pili nembo ya kampuni yenye simba na mtende. Kuanzia 1904 serikali ya kikoloni ikachukua kazi yenyewe, hizo zina maandishi DEUTSCH OSTAFRIKA, mwaka, na kiherufi kidogo, A kama ilipigwa Berlin na J kama ilipigwa Hamburg, na zikaendelea kutoka mpaka 1914. Hicho kiherufi ndo mtu anakikuta anaanza kupiga kelele kwamba ana sarafu yenye herufi iliyozidi. Hamna kilichozidi hapo, ni alama ya kiwanda tu.

Rupia nzima ina upana wa karibu milimita 30 na uzito wa gramu 11.66, na kati ya kila sehemu 1000 za metali yake sehemu 917 ni fedha, zilizobaki shaba. Hiyo 11.66 haikutoka hewani. Ni uzito wa rupia ya India, ambayo ndo ilikuwa pesa ya pwani yetu kabla Mjerumani hajafika, kwahiyo Mjerumani akaona bora alingane nayo kuliko kugombana na wafanyabiashara. Na ni tola moja, ile ile tola ambayo masonara wa mjini wanaijua mpaka leo, kwahiyo ukimwambia sonara akupimie kama sarafu yako inafika tola wala hahitaji maelezo.

Sasa tuanze na mzani maana ndo unaondoa asilimia kubwa ya makelele. Mzani mdogo wa digitali unaosoma mpaka nukta mbili unatosha. Rupia iliyozunguka madukani miaka mingi itakuwa imepungua kidogo, ikisoma 11.5 usishtuke, hata 11.4 kwa iliyolika sana inaeleweka. Ikisoma 9 au 13 hapo una kesi nyingine kabisa. Na msikimbilie sumaku, mtu anaweka sumaku haishiki anatangaza ni fedha halisi, wakati shaba haishiki sumaku, risasi haishiki, shaba nyeupe haishiki. Sumaku inakamata feki za chuma basi, na wanaotengeneza feki siku hizi wanalijua hilo.

Kipimo kizuri zaidi ni cha maji, na hakiharibu sarafu. Unaweka glasi ya maji juu ya mzani, unaurudisha mzani kwenye sifuri, halafu unafunga sarafu na uzi mwembamba unaizamisha yote kwenye maji bila kugusa chini wala pembeni. Mzani utasoma kitu, na hicho unachosoma ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Kwa rupia halali yenye gramu 11.66 utasoma kama 1.13, ukigawa 11.66 kwa hiyo 1.13 unapata 10.3, na huo ndo msongamano (densiti) wa fedha ya kiwango hicho. Ingekuwa shaba ya manjano yenye uzito uleule ungesoma karibu 1.37, ukigawa unapata 8.5. Tofauti ni kubwa, hata mzani wa bei rahisi unaiona. Mimi nakishauri hiki kuliko kumpelekea sonara akaisugue kwenye jiwe lake na kuidondoshea tindikali, maana sonara anapima metali tu, hajali kama kakuachia mkwaruzo shavuni kwa Kaiser, na huo mkwaruzo ndo unakushusha bei.

Uzito ukikaa sawa chukua lenzi ya kukuzia uangalie uso. Feki za kumimina kwenye kalibu zinaachia vitundu vidogo vidogo kwenye sehemu tambarare, herufi zinakuwa na kingo za kulegea legea, na ubavuni mara nyingi unakuta mstari mahali vipande viwili vya kalibu vilikutana ambao mtu kaupiga msasa kuuficha. Na hapa kuna jambo watu wanalikosea kila siku: sarafu yenye neno lililokosewa tahajia, herufi imeruka au imegeuka, mtu anadhani kapata kosa adimu. Kwa sarafu za viwanda kama Berlin na Hamburg, ambapo maandishi yalichongwa na mafundi na kukaguliwa kabla hata ya kuingia kwenye mashine, ukiona OSTAFRIKA imekosewa jua kwanza kabisa unaangalia kazi ya fundi feki ambaye Kijerumani hakijui.

Haya, tuseme ni halali. Sarafu inatengenezwaje? Linaanza bamba refu la fedha, mashine inalitoboa inatoa vipande vya duara visivyo na picha wala maandishi, tuviite visahani. Kisahani kinakaa juu ya muhuri wa chini wa chuma kigumu, pembeni kimezungukwa na pete ya chuma, kisha muhuri wa juu unashuka kwa nguvu kubwa sana, pigo moja, fedha inasukumwa inajaza kila kona ya picha, inatanuka mpaka inagota kwenye pete, na pete ndo inaipa ubavu wake yale meno meno. Sarafu inasukumwa nje, kinaingia kisahani kingine, hivyo hivyo maelfu kwa siku.

Kosa la kiwandani ni chochote kilichoenda mrama ndani ya safari hiyo, kabla sarafu haijadondokea kwenye kapu. Likitokea kapuni, gunia likaanguka melini, mtu akaifunga kwenye mkufu, moto ukaunguza nyumba, jembe likaipata shambani, hayo yote ni majeraha. Na majeraha hayana soko la makosa, hata yawe ya ajabu vipi. Kwahiyo ukiona kitu usichokielewa swali ni moja tu, mashine ingefanyaje hiki? Kama huwezi kukielezea kwa kisahani, muhuri, pete na pigo, basi kitafutie maelezo mtaani.

Wataalamu wanayagawa makosa kwenye mafungu matatu kufuatana na sehemu iliyokosea: kisahani, muhuri, au pigo. Tutayapitia lakini sio kwa usawa, maana hili la herufi kujirudia ndo linaleta ugomvi.

Fikiria muhuri wa mpira wa ofisi ya serikali ya mtaa. Mtendaji akigonga barua yako na mkono ukatikisika, maandishi yanatoka mawili mawili, ila ni kwenye barua yako tu, ya jirani yako iliyofuata imetoka safi. Lakini kama aliyeuchonga ule muhuri ndo aliuchonga vibaya, herufi zikiwa mbili mbili kwenye mpira wenyewe, basi kila barua iliyogongwa mtaa mzima itakuwa na kasoro ile ile, mahali pale pale. Kwenye sarafu ni hivyo hivyo kabisa. Muhuri ulioumbwa na picha mbili unazaa sarafu nyingi zinazofanana kasoro, na hilo ni kosa linalotafutwa, senti ya Marekani ya 1955 ndo mfano wake maarufu, ukiishika unaona mwaka umejirudia bila hata lenzi. Mtikisiko wa mashine, muhuri ukicheza kidogo pale unapoachia sarafu, unaikwangua hiyo moja tu, na wakusanyaji karibu wote hawautolei hata senti ya ziada.

Unazitofautishaje? Angalia umbo la huo ujirudiaji. Muhuri wenye picha mbili unatoa herufi mbili kamili, zote zimenyanyuka, zote zina mgongo wa mviringo, na kwenye ncha za herufi unaona mpasuko kama herufi imegawanyika njia mbili, na herufi kwa ujumla inakuwa nene kuliko kawaida. Mtikisiko unatoa kitu kama ngazi, kivuli cha chini, bapa, kinang'aa, na herufi yenyewe inakuwa nyembamba maana sehemu ya mwili wake ndo imesukumwa chini ikawa hiyo ngazi.

Kuna rupia ya 1910 ya Hamburg nililetewa niiangalie, mwenyewe ana uhakika ni kosa, na kwa macho ya haraka ungemwamini. Neno RUPIE lina kivuli upande mmoja, kila herufi. Ukiweka lenzi unaona kile kivuli kiko chini sana karibu na uwanja wa sarafu, yaani sehemu tambarare isiyo na picha, kimelala bapa kabisa, na mguu wa ile P umekonda ukilinganisha na P ya rupia nyingine ya mwaka huo huo. Mtikisiko. Halafu upande wa Kaiser, juu kabisa, juu ya kichwa cha tai wa kwenye kofia, palikuwa na kiuvimbe cha kijivu ambacho jamaa alikiita "fedha iliyozidi". Rangi yake haikuwa ya fedha, ilikuwa ya bati, na ukigeuza upande wa pili mahali hapo hapo ukingoni meno yamejaa kitu hicho hicho. Hiyo ni lehemu. Mtu zamani aliunga kipete pale ili sarafu ivaliwe shingoni, baadaye kikabanduka.

Hili la lehemu nalisisitiza kwa sababu huku kwetu ni kubwa. Pwani yote, Zanzibar mpaka Oman, sarafu za fedha zilivaliwa, zilitobolewa, ziliungwa kwenye mikufu na vipuli, na nyingi ziliyeyushwa zikawa bangili. Kwahiyo tundu, tundu lililozibwa, uvimbe ukingoni, alama ya mkuno wa kipete, vyote hivi ni historia nzuri ya bibi zetu lakini mwenye mnada wa sarafu ataandika "ilikuwa kito" na bei itaanguka.

Fungu la kisahani sasa. Maarufu ni sarafu iliyoliwa kipande, ukingo mmoja umeingia ndani kwa umbo la mwezi mchanga. Inatokea bamba la fedha lisiposogea vya kutosha na mashine ikatoboa ikipitiliza kwenye tundu la kisahani kilichotangulia. Hii ni rahisi mtu kuifoji kwa tupa, ila kosa halisi lina ushahidi wa upande wa pili: mahali panapotazamana na pengo, ukingo unakuwa dhaifu, umefifia, kwa sababu kisahani kilipokuwa kinakunjwa kingo kabla ya kupigwa hapakuwa na kitu cha kusukumana nacho. Na herufi zilizo jirani na pengo zinavutika kuelekea humo kwa vile fedha ilikuwa na nafasi ya kukimbilia. Tupa haitoi vitu hivyo. Tupa inakata herufi wima, inaacha mikwaruzo ya kwenda upande mmoja, na ukingo wa upande wa pili unabaki mzima kama hakuna kilichotokea. Uzito nao lazima upungue kulingana na pengo.

Kingine cha kisahani ni fedha kubanduka magamba, uchafu au hewa iliyonaswa kwenye bamba inafanya utando wa juu uchubuke. Hiki kipo kwa kweli, lakini usikichanganye na sarafu iliyolala ardhini miaka mingi ikaliwa na chumvi, hiyo inakuwa na mashimo mashimo kila mahali wakati gamba lina mpaka unaoeleweka na linafuata mwelekeo mmoja.

Fungu la muhuri, ukiacha hilo la picha mbili, lina nyufa. Muhuri ukichoka unapasuka, na ufa ukiingia fedha unatokea kwenye sarafu kama mstari mwembamba ulionyanyuka. Ulionyanyuka, sio uliozama, hilo ndo la kukagua kwa kucha, maana mkwaruzo wa kisu umezama. Na ikitokea mihuri miwili imegongana bila kisahani katikati, kila mmoja unamwachia mwenzake alama, ndo unakuta kwenye uwanja wa upande wa maandishi kuna kivuli cha shingo au kofia ya Kaiser. Watu wanaopenda hizi wapo, ila usitegemee utajiri.

Fungu la pigo ndo lenye vitu vya kushangaza. Sarafu iliyopigwa pembeni, picha imehama na sehemu moja imebaki tupu kama mbalamwezi, na kwa kuwa haikukaa ndani ya pete ubavu wake hauna meno pale ilipotoka nje na umbo linakuwa limetanuka. Au muhuri umenasa sarafu iliyotangulia, kisahani kinachofuata kinapigwa na sarafu badala ya muhuri, kwahiyo upande mmoja unakuta picha ile ile ya upande wa pili ila imegeuka kama ya kwenye kioo na imezama ndani. Hii ya pili mafundi wa gereji wanaiigiza kwa kubana sarafu mbili kwenye jiriwa au kuzipiga nyundo. Utawajua kwa jambo moja: kwenye halisi picha ya asili ya upande ule haipo kabisa, muhuri wake haukuwahi kuugusa. Ya jiriwa ina picha zote mbili, ya asili imepondeka chini na ya kioo imepita juu yake.

Na kuna vitu vinavyoitwa makosa wala sio. Mtu anageuza sarafu ya Marekani kutoka juu kwenda chini, anakuta iko sawa, anageuza rupia hivyo hivyo anakuta upande wa pili umesimama kichwa chini, anatangaza kosa. Hapana bana. Wajerumani na Waingereza walipanga pande zote ziangalie juu pamoja, Wamarekani wanapanga kinyume. Ishike rupia kwa vidole viwili, juu na chini, uizungushe, kama maandishi yamesimama wima hiyo ni kawaida. Imelala kabisa upande, hapo unaweza kuanza kuongea.

Ile reale kubwa ya Maria Theresa nayo inawachanganya watu. Ina mwaka 1780, gramu 28 na kidogo, fedha 833 kati ya 1000, ilizunguka Zanzibar, Ethiopia, Yemen, Oman, kote huko. Unaikuta inang'aa kama ya jana na mwaka ni 1780, wengine wanasema feki, wengine wanasema ni muujiza. Maria Theresa, malkia wa Austria, alifariki mwaka huo, na kwa kuwa wafanyabiashara wa huku walikuwa wanaikubali yenye sura ile na mwaka ule tu, kiwanda cha Vienna kiliendelea kuipiga bila kubadilisha mwaka, mpaka leo wanaipiga, na miji mingine kama London, Roma na Bombay nayo iliwahi kuipiga. Kwahiyo mwaka sio kosa na sio ushahidi wa umri. Angalia ubavu wake, halali ina maandishi ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA yanayozunguka, feki nyingi za bei rahisi hazina.

Kuna pia zile heller 20 (heller ndo ilikuwa senti ya rupia) za Tabora za 1916, hizi sio za fedha lakini nazitaja kwa sababu zinafundisha kitu. Vita ya Kwanza ya Dunia ilikuwa imekata njia ya baharini, Wajerumani wakazipiga kwenye karakana ya reli kwa shaba na shaba ya manjano, ikiwemo ya maganda ya makombora. Zimepinda, picha haziko katikati, mihuri imepasuka, yaani ungeichukua yoyote ukaipeleka Berlin wangeitupa. Na kwa sababu karibu zote ziko hivyo, heller ya Tabora iliyopigwa pembeni kidogo haina ajabu. Ajabu inahesabiwa kwa kulinganisha na ndugu zake. Rupia ya Hamburg iliyopigwa pembeni hivyo hivyo ingewafanya watu wasimame minadani.

Tukija kwenye gredi, skeli inayotumika sana duniani ni ya 1 mpaka 70, aliyoianzisha William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za zamani za Marekani. Moja ni sarafu iliyolika mpaka unatambua kwa shida ni sarafu gani, sabini haina dosari hata ukiikuza. Zile herufi unazoziona, VF ni namba 20 mpaka 35, XF 40 na 45, AU kuanzia 50 mpaka 58, na MS ni 60 kwenda juu, ikimaanisha haijawahi kutumika sokoni. Rupia nyingi zinazotoka kwenye mabati na kuta za nyumba za zamani ni VF au chini yake, tukiwa wakweli.

Kwenye rupia uchakavu unaanzia sehemu zilizonyanyuka, tai wa kwenye kofia, shavu, sharubu, vyuma vya begani. Ila pigo dhaifu nalo linaacha sehemu hizo hizo zimefifia, na hapa ndo hata wazoefu wanabishana. Ielekeze sarafu kwenye mwanga wa dirisha uinamishe taratibu. Fedha isiyoguswa ina mng'ao unaozunguka kama miale ukiigeuza, sehemu iliyochakaa inakatisha huo mng'ao inakuwa ya kijivu mfu. Kama tai kafifia lakini mng'ao unapita juu yake bila kukatika, ni pigo lilikuwa dhaifu, sarafu haijachakaa.

Kosa na gredi havichukuliani nafasi. Sarafu imepigwa nusu nje na bado inaweza kuwa MS 63, kwa sababu gredi inauliza nini kilitokea baada ya kiwanda, kosa linauliza nini kilitokea ndani yake. Kwa zilizopigwa pembeni wanunuzi wanataka mwaka uonekane, ukipotea mwaka bei inashuka hata kama kosa ni kubwa zaidi. Na ikiwa imesafishwa, imekwanguliwa au ilikuwa na lehemu, kampuni za gredi hazikupi namba safi, zinaandika tu kwamba ina hali fulani lakini imeharibiwa.

Naomba hapa nipige kelele kidogo: ACHENI KUSAFISHA. Dawa ya meno, majivu, ndimu na chumvi, steelwool, Brasso, zote hizi zinakwangua au kula ngozi ya fedha, na ule weusi mnaouona ni uchafu ndo ngozi ya miaka mia ambayo mkusanyaji anailipia. Ikiwa na udongo, maji ya kawaida na kuikausha kwa kuidonoa na kitambaa laini inatosha.

Kampuni zinazoaminika zaidi kwa kuthibitisha ni PCGS na NGC za Marekani, wanakagua, wanaifungia kwenye boksi la plastiki lenye namba, na kwa makosa ya kiwandani unaomba huduma hiyo kando na unailipia kando. Ukijumlisha ada, posta na bima, rupia ya kawaida ya VF hairudishi gharama. Tuma tu kama kosa lako ni la wazi, la pigo au la muhuri wenye picha mbili, na umeshalinganisha na picha za sarafu nyingine za mwaka ule. Bei usiiangalie kwenye matangazo ya watu wanaotaka kuuza, mtu yeyote anaweza kuandika milioni mia. Angalia minada iliyokwisha, kiasi kilicholipwa kweli. Na bei ya chini kabisa ya kukuzuia usiibiwe ni ya metali yenyewe, rupia nzima ina karibu gramu 10.7 za fedha tupu, zidisha kwa bei ya fedha ya siku hiyo.

Ukimtumia mtu anayejua, mpe picha ya pande zote mbili ukiwa dirishani bila tochi, picha ya ubavu, na picha ya sarafu ikiwa juu ya mzani namba inasomeka, halafu moja ya karibu ya hilo unaloliita kosa. Zebaki nyekundu usiiulizie, fedha na shaba ndo vilivyomo humo, hamna kingine. Usichimbe makaburi wala magofu kutafuta nyingine, Tanzania uchimbaji wa mambo ya kale una sheria yake tangu 1964 na unahitaji kibali. Na ukipata "mnunuzi kutoka Ujerumani" ambaye kakubali bei yako bila hata kuomba hizo picha, ila anataka kwanza utume hela ya usajili au ya kodi ili malipo yafunguliwe, mblock.